Maswali yenu: Mtoto ana kengeza, mbona wanaziba jicho zima?

Toleo hili nimeacha maswali mengine yote pembeni, nimechukua ya macho ya watoto peke yake maana yamekuja mfululizo kutoka Moshi na Arusha na mengi yanauliza kitu kilekile. La kwanza ndo nimelijibu kwa kirefu, kwahiyo hata kama swali lako halimo hapa lisome lote.

SWALI: Habari dada, mimi ni mama wa watoto wawili niko Pasua hapa Moshi. Binti yangu ana miaka minne, alipokua na mitatu hivi nikaanza kuona jicho la kushoto linaingia ndani kuelekea puani hasa akichoka au akiangalia kitu cha karibu, baba yake akasema ni michezo tu ya watoto. Mwisho tukaenda hospitali wakamuweka matone wakampima, wakampa miwani nene na plasta ya kuziba jicho la kulia masaa mawili kila siku. Sasa dada jicho la kulia ndo zima! Mtoto analia, anaibandua, majirani wananiambia namharibu mtoto kwa mikono yangu, na mama mkwe anasema hata babu yao alikua na makengeza na alilima kahawa mpaka uzeeni hakuna aliyemziba jicho. Je niendelee au niache? Na kwanini wasimfanyie operesheni tu yaishe? – Mama wa Pasua, Moshi

JIBU: Mama, pole na kilio cha mtoto, na nakujibu kabla sijaeleza chochote: endelea. Endelea leo hii, na jicho la kuziba ni hilohilo zima.

Sasa kwanini. Wengi wetu tunachukulia kengeza ni shida ya sura, jicho limekaa vibaya basi litafutiwe namna ya kurudi mtoto apendeze. Sura ni sehemu ndogo sana ya habari hii. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha, na macho yote mawili yanatakiwa yaangalie sehemu moja kwa wakati mmoja ili ubongo upokee picha mbili zinazokaribiana uziunganishe iwe moja, ndo maana unajua kikombe kiko mbali kiasi gani kabla hujakishika. Jicho moja likienda kwake, ubongo unaletewa picha mbili zisizopatana. Mtu mzima akipata kengeza ukubwani atakuja analalamika anaona vitu viwili viwili. Mtoto halalamiki, kwasababu ubongo wake bado unajengeka na unachofanya ni kuikataa ile picha ya jicho lililopinda, unaizima. Mtoto anacheza, anakimbia, ukimtuma chumvi dukani kwa jirani anarudi nayo, na wewe unasema mbona anaona vizuri tu, kumbe anaonea jicho moja.

Na jicho ambalo ubongo umelizima haliendelei kujifunza kuona. Njia ya kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo ni kama njia ya shambani, isipopitwa inaota nyasi. Hilo ndo wanaita jicho vivu, ukilitazama kwa nje ni zuri na safi, ila halioni sawasawa, na hata ukilivalisha miwani peke yake inaweza isitoshe. Wanasayansi wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, waliwahi kuziba jicho moja la watoto wa paka, wakakuta jicho likija kufunguliwa baadae ubongo haulijali tena japo lenyewe ni zima, lakini paka mkubwa akizibwa hapati shida hiyo. Kazi zao juu ya macho na ubongo zikawapa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Nakueleza haya ili jirani akikuambia muache tu atakua, ujue kukua ndo kwenyewe kunakotukimbiza. Mpaka miaka saba nane hivi ubongo wa mtoto unasikia matibabu vizuri kabisa, baada ya hapo unasikia kidogokidogo na kwa kazi kubwa zaidi. Binti yako ana minne. Uko ndani ya muda, na umeshafika hospitali, hilo wengi hawalifanyi mpaka mwalimu wa darasa la kwanza aseme mtoto haoni ubao.

Kwahiyo plasta haiko pale kutibu jicho la kulia. Inalipumzisha ili ubongo ukose pa kukimbilia, ulazimike kulitumia la kushoto. Na wala sio jaribio jipya wanalomfanyia mwanao, Mfaransa mmoja anaitwa Buffon aliandika kuhusu kuziba jicho zima kwa ajili ya kengeza mwaka 1743.

Miwani nayo ina kazi yake tofauti na usiichanganye na plasta. Mtoto ambaye kengeza lake linaanza miaka miwili mitatu, jicho linaingia ndani, na linazidi akiangalia karibu, mara nyingi ana macho yanayohitaji nguvu nyingi kupata picha ya karibu. Sasa macho yetu yameumbwa hivi, ukikaza kuona karibu yanageuka ndani yote mawili, ni kitu kimoja hakitengani. Yeye anakaza kupita kiasi, basi jicho moja linapitiliza. Ile miwani inamfanyia kazi ya kukaza. Ndo maana walimuweka matone kwanza, yale matone yanalegeza msuli wa kukaza ili kipimo kiwe cha kweli, asidanganye bila kujua. Anatakiwa aivae kutoka anaamka mpaka analala, kuoga tu ndo avue. Na utaona kitu kitakachokutisha: akiwa na miwani jicho limenyooka, akiivua linaingia ndani, labda hata kuliko zamani. Wazazi wengi hapo ndo wanaitupa wakisema miwani imemzidishia. Haijamzidishia, ni kwamba sasa unaona tofauti, zamani hukua na cha kulinganisha.

Turudi kwa majirani. Wana kaukweli kadogo ndani ya maneno yao na mimi sipendi kukificha: jicho zima likizibwa kupita kiasi bila kufuatiliwa nalo linaweza kushuka. Ndo maana ulipewa masaa na ndo maana kuna tarehe za kurudi. Wameandika mawili, fanya mawili, usifanye sita ukidhani atapona haraka. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye jicho vivu la wastani ulionyesha waliozibwa masaa mawili kwa siku waliendelea sawa na waliozibwa sita. Wenye jicho vivu kali wanaweza kupewa masaa mengi zaidi, hiyo anaamua anayempima sio mama wa nyumba ya pili. Ila tarehe ya kliniki hiyo usiikose hata mvua ya masika ikinyesha vipi.

Sasa kilio. Siku za mwanzo ndo ngumu kwasababu kweli haoni vizuri, umemuachia jicho linalojifunza, usimuone mkaidi. Bandika kwenye ngozi yenyewe, miwani ije juu ya plasta. Ukibandika kwenye kioo atachungulia pembeni na utakua umepoteza siku. Chagua masaa ambayo huwa anatulia, mfano akishakula mchana, na umpe kitu cha karibu anachokipenda maana jicho linafundishwa kwa kazi: kupaka rangi, kutunga shanga, kuchambua mchele au maharage pembeni yako na umwambie anayeona mawe mengi ndo bingwa, picha za kitabu, hata katuni kwenye simu kama siku imekua ngumu. Akishindwa masaa mawili mfululizo gawanya, lisaa asubuhi lisaa jioni. Kama hata hilo halipiti anza na dakika chache uongeze kila siku mpaka ufike walipokuambia, muhimu usirudi nyuma. Chora mistari ya siku ukutani au kwenye kalenda abandike stika kila anapomaliza, watoto wa umri huo wanapenda sana kuona safu inajaa. Akiwa amezibwa asikae karibu na jiko, ngazi wala barabara ya bodaboda. Kubandua lowesha kwanza na maji ya uvuguvugu, usichane kwa kuvuta, na ngozi ikiwa nyekundu geuza upande wa plasta siku inayofuata au waambie kliniki wakupe ya aina nyingine.

Kama umejaribu yote hayo kwa moyo na mtoto bado anabandua, usikae kimya nyumbani. Rudi useme. Kuna matone ya atropini yanayowekwa kwenye jicho zima ili lione ukungu kidogo, kwa watoto wengine hata wikiendi tu, na yanafanya kazi kama plasta. Lakini yaandikwe na daktari, usiende duka la dawa kuyanunua mwenyewe, na chupa iwekwe juu kabisa maana mtoto akiyanywa ni sumu.

Operesheni haiamshi jicho vivu. Inanyoosha jicho kwa kurekebisha misuli, basi. Ukimfanyia leo jicho likakaa katikati wakati ubongo bado umelikataa, umepata picha nzuri ya mtoto kwenye albamu na jicho lisiloona. Na kama kengeza lake linanyooka lote akivaa miwani hatahitaji kisu kabisa.

Mama mkwe usigombane nae. Mchukue kliniki siku ya kurudi, asikie mwenyewe, aone mtoto anavyozibwa la kulia akashindwa kusoma zile alama za chini, afu mkabidhi yeye usimamizi wa plasta nyumbani. Nimeshaona mabibi wakiwa wakali wa masaa kuliko hospitali. Na hilo la babu mwambie asante kwa kulisema, kwasababu makengeza yanatembea kwenye ukoo, kwahiyo huyo mwanao mwingine nae apimwe hata kama macho yake yamenyooka.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 11 yuko darasa la tano, jicho la kulia linatoka nje tangu mdogo. Kijijini tulisema ni maumbile. Sasa shuleni wanamwita Kengeza, ameacha kucheza mpira na hataki kupigwa picha. Nimesikia kuna operesheni ila mtu mmoja kaniambia wanalitoa jicho wanaliweka mezani wanalirekebisha wanalirudisha, kama ni hivyo siwezi kumpeleka. – Baba wa Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Baba, hakuna anayelitoa jicho. Halitoki mahali pake hata kidogo. Misuli ninayoisema iko juujuu ya jicho, chini ya ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, daktari anafungua utando anaufikia msuli, mmoja anausogeza nyuma ili ulegee, mwingine anaufupisha ili uvute, anashona kwa nyuzi zinazoyeyuka. Mtoto anakua amelazwa kwa nusu kaputi hasikii kitu, mtaambiwa asile wala kunywa kuanzia saa fulani na hapo muwe wakali maana chakula tumboni ni hatari akiwa usingizini. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au ya pili yake. Jicho litakua jekundu wiki kadhaa, litakuogopesha, linapoa. Operesheni ya kengeza imeanza kufanyika tangu mwaka 1839 kule Berlin, sio kitu cha kubahatisha. Nikuambie na hili mapema usije ukahisi umedanganywa: wengine wanahitaji kurudiwa mara ya pili.

Ila usianze na operesheni, anza na kupima kila jicho peke yake. Kama la kulia limekua vivu, miaka 11 imechelewa lakini mlango haujafungwa, utafiti wa 2005 uliochukua watoto wa miaka 7 mpaka 17 ulikuta sehemu yao waliongezeka kuona kwa miwani na kuziba. Msikubali mtu awaambie umri umepita bila kumpima. Na hata kama jicho halitaongezeka kuona, kunyoosha sio urembo. Kijana ataweza kumtazama mtu usoni, atarudi uwanjani. Hilo ni tiba kabisa na mimi nalisema bila kumumunya.

Anzia kituo chenu cha afya au hospitali ya mkoa ya Mount Meru, omba kitengo cha macho na barua ya rufaa. Kwa watu wa huku kaskazini wengi rufaa inaishia hospitali ya KCMC Moshi, ipo tangu 1971 na idara yake ya macho inafundisha madaktari bingwa wa macho, watoto ni kazi yao ya kila siku. Ni kama kilomita 80 tu kutoka Arusha mjini, asubuhi mnapanda Hiace mnafika. Kama pesa inabana usirudi nyumbani kimyakimya, hospitali hizi zina ofisi ya ustawi wa jamii, ingia ujieleze kabla ya kuandikiwa tarehe.

Na kuhusu hilo jina wanalomwita nenda shuleni wewe mwenyewe baba mtu, ongea na mwalimu wa darasa. Mtoto wa miaka 11 hatakuambia linavyomuuma.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea Usa River, darasani nina watoto wengi, nitajuaje mwenye tatizo kama jicho halionekani kupinda? – Mwalimu

JIBU: Swali zuri sana mwalimu, na natamani wote wangeuliza. Angalia anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama kitu, anayefumba jicho moja akitoka juani, anayegonga wenzie upande uleule, anayekosea kumimina maji kwenye kikombe. Afu fanya mchezo: kila mtoto azibe jicho moja kwa kiganja akutajie picha unayoshika, abadilishe. Ambaye akizibwa upande mmoja yuko sawa na akizibwa mwingine anasukuma mkono wako au anageuza uso, huyo muite mzazi wake wiki hiyohiyo. Mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye mtindio wa ubongo au mwenye ndugu wa kengeza muangalie mara mbili zaidi.

SWALI: Mwanangu hujambo, mimi ni bibi niko Marangu. Mjukuu wangu ana wiki sita, macho yanaenda huku na huku hayakai pamoja, mara yanakutana puani. Mama yake analia kila siku. Hapa wameshauri tumkamulie maziwa ya mama jichoni na kuna mwingine ana majani. Nifanyeje?

JIBU: Shikamoo bibi. Kwanza mama yake anyamaze kulia, wiki sita ni mdogo mno, macho ya mtoto mchanga yanatangatanga hivyo akiwa bado anajifunza kuyatumia na kwa wengi yanatulia kufikia miezi mitatu. Mkiona mwezi wa nne umefika bado yanapinda, mpelekeni. Lakini kama jicho moja limeganda limepinda muda wote halirudi katikati hata mara moja, msisubiri mwezi wowote, mpelekeni sasa.

Pia watoto wengi wanazaliwa na pua pana kwenye mzizi pale katikati ya macho, ngozi inafunika weupe wa jicho upande wa ndani, unaona kama kengeza wakati hamna. Mmulikeni kwa tochi ndogo kwa mbali kidogo akiwa anaiangalia, tazameni kile kidoti cha mwanga kwenye mboni. Kikikaa sehemu ileile kwenye macho yote mawili, ni dalili nzuri. Kimoja kikiwa katikati na kingine pembeni, mpelekeni.

Maziwa ya mama ni ya kunywa, bibi. Jichoni yasiingie, na majani ndo kabisa, kuna watoto wamepata vidonda kwenye kioo cha jicho wakapofuka kwa dawa za namna hiyo wakati walianza na kitu ambacho kingeisha chenyewe.

Na kuna jambo moja naomba mwite kila mtu wa nyumba hiyo alisikie. Mtazameni mtoto mboni, ile nyeusi katikati, kwenye mwanga hafifu na kwenye picha za simu zilizopigwa na flashi. Picha ya kawaida mboni zinang'aa nyekundu zote mbili. Mkiona moja inang'aa nyeupe, kama jicho la paka usiku, hiyo inaweza kua mtoto wa jicho, maana watoto nao wanaupata, au saratani ya jicho ya watoto ambayo mara nyingine inaanza na kengeza tu kabla ya dalili nyingine yoyote. Saratani hiyo ikiwahiwa mtoto anapona, ikicheleweshwa inamchukua. Hapo hakuna kusubiri tarehe ya chanjo wala shangazi atoke Dar, mnambeba siku hiyohiyo mnashuka nae Moshi, na mkifika mapokezi semeni mboni ya mtoto ni nyeupe, muwaonyeshe na ile picha ya kwenye simu.